Mbwa wa Ghalani Naye ni Mfanyakazi

Kila Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, Mtwara hulala usingizi wa mang'amung'amu. Malori yanapanga foleni kutoka Masasi, Newala na Tandahimba, magunia yanapakuliwa mchana na usiku, na mlangoni mwa kila ghala kuna mlinzi mwenye tochi, rungu na filimbi. Pembeni yake, mara nyingi, kuna mbwa. Hana sare, jina lake halimo kwenye daftari la zamu, na ujira wake ni ukoko wa ugali na vichwa vya samaki. Lakini yeye ndiye anayesikia hatua za mtu nyuma ya ukuta kabla mlinzi hajageuza shingo.

Ulaya na Marekani siku hizi waajiri wanajadiliana kama mbwa aruhusiwe kuingia ofisini au aachwe nyumbani. Kwetu kusini mbwa aliingia kazini zamani, bila kikao na bila barua. Yuko ghalani, yuko shambani, yuko kwenye geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali", yuko ufukweni anakokaa mvuvi akishona nyavu. Linalotuhusu sisi ni namna tulivyompokea. Tumemtwika kazi, lakini hatujamkubali kuwa mfanyakazi. Ninachokiona ni kwamba faida zote za mbwa kazini, na hatari zake zote, zinaning'inia kwenye jambo hilo moja.

Lindo la shambani

Tuanze na shamba, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi ya watu wengi zaidi katika mkoa huu. Mkulima wa uwanda wa Makonde anapanda muhogo, karanga na kunde katikati ya mikorosho. Nguruwe pori wanaujua muhogo huo kuliko anavyoujua yeye. Ngedere nao hawasubiri mabibo yaive vizuri. Kwenye mabonde ya mpunga kando ya Mto Ruvuma hatari ni nzito zaidi, maana kuna viboko wanaopanda kutoka mtoni usiku.

Mtu aliyekaa peke yake kwenye dungu anaweza kupiga debe na kupiga kelele, lakini hawezi kuona gizani na hawezi kukesha wiki nzima. Mbwa wawili wanabadili hali hiyo. Wananusa nguruwe angali mbali, wanabweka mapema, na mwenye shamba anapata nafasi ya kuchagua: atoke na moto, awaite majirani, au abaki juu alipo. Kwa kiboko hakuna mbwa anayeweza kupigana naye, na wala hatakiwi. Kazi yake ni kutoa taarifa. Familia inayopata taarifa mapema huokoa mavuno, na pengine huokoa maisha ya aliyelala shambani. Tena huokoa masomo, kwa kuwa mtoto ambaye angepelekwa kuwinga wanyama anabaki darasani.

Wawindaji walilijua hili kabla ya wakulima. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Yaani tabia ya mbwa kazini hutokana na anayemwongoza. Mbwa aliyefundishwa na mtu mtulivu anajua wakati wa kubweka na wakati wa kunyamaza. Aliyezoea kupigwa mateke humrukia kila apitaye, awe mwizi au awe mjumbe wa nyumba kumi.

Msafara wa Mikindani

Historia ya pwani hii ina mfano wake. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho barani Afrika, akaelekea bara akifuata Mto Ruvuma. Aliongozana na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Alitaka kujua kama wanyama hao wangeweza kustahimili mbung'o. Hakupata jibu safi, kwa sababu askari aliokuja nao kutoka India waliwabebesha wanyama mizigo kupita kiasi na kuwapiga hadi wakatoka vidonda. Walikufa mmoja baada ya mwingine, na Livingstone aliandika kwa uchungu kwamba ukatili wa watu ulikuwa na sehemu kubwa katika vifo vile.

Katika safari hiyohiyo alikuwepo mbwa mdogo wa manyoya aliyeitwa Chitane. Kumbukumbu za Livingstone zinaeleza kwamba mbwa huyo alijipa mwenyewe kazi ya kusimamia msafara mzima. Alikimbia mbele kumwona aliyetangulia, akarudi nyuma kumbwekea aliyechelewa ili ajikokote. Wakifika kijijini, akishajua kibanda cha bwana wake, hakuruhusu mbwa mwingine akisogelee, na yeye mwenyewe hakuwahi kuiba chakula. Alizama Januari 1867 walipokuwa wakivuka mto uliojaa kinamasi, watu wakihangaika wasianguke na hakuna aliyemkumbuka.

Wanyama wa msafara mmoja, bwana mmoja, matokeo mawili. Waliotendewa kama vyombo waliisha mapema na kuharibu kazi yenyewe. Aliyepewa nafasi yake alifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Hata hivyo, naye alipotea siku ambayo kumwangalia hakukuwa jukumu la mtu yeyote. Neno hilo, jukumu la mtu fulani, ndilo kiini cha makala haya, na tutalirudia tutakapofika kwenye ugonjwa.

Faida kwa binadamu

Wataalamu wamejaribu kupima kile ambacho mlinzi wa usiku anakijua bila kipimo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, Marekani, walichapisha utafiti uliofanyika kwenye kampuni moja ya kuuza vyombo vya mezani mjini Greensboro, North Carolina. Kampuni hiyo huwaruhusu wafanyakazi kuja na mbwa wao. Asubuhi wote walikuwa na hali inayofanana. Kadiri siku ilivyosonga, waliokuwa na mbwa pembeni walisema msongo umepungua, na wale wasiokuwa nao walisema umeongezeka. Kipimo cha mate, kinachoonyesha homoni ya msongo, hakikuonyesha tofauti kubwa kati ya makundi hayo. Kwa hiyo tusikuze mambo: mbwa si dawa ya kila maradhi ya kazini. Lakini namna mtu anavyojisikia saa kumi jioni nayo ina uzito, kwa sababu huamua atarudi kazini kesho na moyo gani.

Miaka mitatu baadaye watafiti wa Japani walieleza katika jarida la Science kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana kwa muda mrefu, wote wawili huongezeka homoni ileile inayomfunga mama na mtoto wake mchanga.

Sasa mfikirie mlinzi wa ghala. Anaingia lindoni jua likizama na anatoka jua likichomoza. Hana wa kuzungumza naye. Woga humpata, usingizi humpata, mawazo ya ada ya mtoto humpata. Mbwa anayemfahamu humpa mambo mawili kwa mpigo: masikio ya ziada na mwenzi. Mlinzi mwenye mwenzi huzunguka ghala, asiye naye hujikunyata kwenye kibanda. Mwenye mali anafaidika kwa yote mawili, ingawa faida hiyo haionekani kwenye hesabu zake.

Kuna pia kazi ambazo mbwa huzifanya kwa pua, na hapo binadamu hamfikii hata kwa mbali. Pua ya mbwa ina vinusio vinavyofikia milioni 300, yetu ina takribani milioni sita. Jeshi letu la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Tangu 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa na waongozaji wao huko Usa River, Arusha, kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine zinazofichwa ndani ya mizigo. Kusini tunajua kwa nini kazi hiyo ni ya lazima. Mwaka 1976 eneo la Selous lilikuwa na tembo wapatao 110,000, na hesabu ya 2013 ilikuta 13,000 tu. Ushoroba unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji unapita kwenye Ruvuma hiihii. Bandari ya Mtwara sasa ina gati jipya la mita 300 na mizigo inaongezeka. Mbwa mwenye pua iliyofundishwa angekagua kwa dakika chache kontena ambalo watu wangelipekua nusu siku.

Kasa, ufukwe na kamba

Faida hugeuka hasara mbwa anapowekwa mahali pasipofaa, na mfano wake uko karibu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 na ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650, bahari na nchi kavu pamoja. Kasa hupanda kwenye fukwe zake kutaga. Mbwa anayezurura usiku hufukua mayai ya kasa kama afanyavyo kenge, na kiota kizima huisha kwa usiku mmoja.

Huko Padre Island, Texas, mbwa mdogo aliyeitwa Ridley alifundishwa kunusa viota vya kasa ili wahifadhi wayapate mayai na kuyalinda. Pua ileile inayoharibu inaweza kuokoa. Kinachotofautisha ni mafunzo na mtu wa kumshika. Kwa mwenye kambi ya wageni Msimbati au Ruvula, hatua ya kwanza haihitaji mtaalamu kutoka nje: inahitaji kamba na banda usiku, hasa kasa wanapotaga.

Adabu ya dini

Hakuna anayeweza kuzungumzia mbwa katika pwani hii akaruka dini. Waislamu wengi wa huku wanafuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa hutakiwa kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mfanyakazi anayekwepa mbwa kwa sababu anakwenda kuswali hafanyi dharau wala uoga. Mwajiri anayemlazimisha kumshika amemkosea heshima.

Lakini mafundisho hayohayo yana upande wa pili unaosahaulika. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Kurani inahalalisha kula windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda. Mafundisho ya Mtume yanayokataza kufuga mbwa ovyo yanamtoa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Katika Suratul Kahf, vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kuna pia hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Kwa hiyo dini haikumfukuza mbwa kazini. Ilimpangia mahali, ikamwekea mipaka, ikatukataza kumtesa.

Mipaka hiyo ni rahisi kuitekeleza. Banda la mbwa liwe mbali na mahali pa kuswalia na pa kulia chakula. Vyombo vyake viwe vyake. Anayemhudumia awe aliyekubali kwa hiari, na awe na bomba lake la maji. Hapo mfanyakazi mcha Mungu na mbwa mlinzi wataishi ndani ya ukuta mmoja bila kukwazana.

Ugonjwa usio na msamaha

Sasa tuje kwenye jambo zito. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Takribani wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Uchungu zaidi ni kwamba kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister Julai 1885.

Mtwara inaujua ugonjwa huu, na pia imeshiriki kutafuta njia ya kuumaliza. Kati ya 2010 na 2015, wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, zikiwemo za Mtwara na Lindi pamoja na Pemba, zilikuwa katika mradi wa mfano ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kugharimiwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates. Miradi ya namna hiyo iliendeshwa pia Ufilipino na KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Maofisa mifugo walikwenda kijiji kwa kijiji na visanduku vya barafu, na watu wakaleta mbwa wao wakiwa wamefungwa kamba za katani, minyororo, hata vipande vya kanga.

Watafiti waliowafuatilia watu walioumwa katika Lindi na Mtwara kuanzia 2011 hadi 2019 walikuta jambo lisilo la kawaida: karibu wanyama wanne katika kila kumi waliokuwa na kichaa walikuwa bweha. Mtu angeweza kukata tamaa, akasema kuchanja mbwa kutasaidia nini ikiwa ugonjwa uko porini. Ushahidi ulielekea kwingine. Mbwa wa nyumbani ndiye mhimili wa maambukizi, na chanjo yake inamkinga binadamu na kupunguza ugonjwa hata kwa bweha. Pemba nayo ilifundisha somo. Kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani mwaka 2014, kikaingizwa tena 2016, na kampeni mpya za chanjo zikakifuta mwaka 2018. Ukichanja kinaondoka, ukiacha kinarudi.

Kanuni ya wataalamu ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Tafiti nyingi za Tanzania zimeonyesha kwamba mbwa wengi tunaowaita koko wana wenyewe na wanafikika. Hapa ndipo mbwa wa kazini anapokuwa tatizo la pekee. Mbwa wa nyumbani ana mtoto wa kumshika kamba siku ya chanjo. Mbwa wa ghala ni wa nani? Kampuni ya ulinzi inasema ni wa chama cha msingi, chama kinasema alikuja na mlinzi, mlinzi amehamishiwa Nanyamba mwezi uliopita, na aliyempokea lindo amemkuta mbwa hapohapo. Mwaka hadi mwaka anakaa kwenye geti ambamo wanapita mamia ya wakulima, wapagazi, madereva na mama lishe, na hakuna anayempeleka kuchanjwa. Chitane alizama kwa sababu hiyohiyo: kila mtu alimtegemea, hakuna aliyekabidhiwa.

Utu kwanza

Kuna hofu nyingine ambayo mwandishi anayewatetea mbwa hana budi kuikabili. Watu wetu wameona mbwa wa mabwana wakilishwa nyama huku mpishi akishindia uji. Jeraha hilo lilitoneshwa ng'ambo ya Ruvuma mwaka 2021. Wapiganaji walipoushambulia mji wa Palma mwezi Machi, watu walijificha kwenye hoteli wakisubiri kuokolewa. Mei mwaka huo Amnesty International iliripoti, ikiwanukuu walionusurika, kwamba meneja wa hoteli alipanda helikopta na mbwa wake wawili huku watu wakiachwa nyuma. Kampuni ya helikopta ilikanusha madai ya ubaguzi. Lakini simulizi ile ilizunguka pwani yote, na ilizunguka kwa sababu ilifanana na mambo ambayo watu walishayaona.

Kumheshimu mbwa hakuanzi kwa kumpandisha juu ya mtu. Kunaanza kwa kumlipa mlinzi vizuri, kumpa buti na koti la mvua, kisha kumpa mbwa wake chanjo na maji. Mahali ambapo mbwa anakula kuliko mlinzi, kosa si la mbwa. Na ambapo mlinzi hana haki, mbwa naye hatazipata.

Ajira yenye masharti

Tunaweza kuanza msimu ujao, na kalenda yenyewe inatusaidia. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa Septemba 28, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Siku hiyo inaangukia wiki chache tu kabla korosho hazijaanza kufurika maghalani. Mizani hukaguliwa kabla ya msimu ili mkulima asipunjwe. Mbwa wa ghala nao wakaguliwe wakati huohuo, ili mkulima asiumwe akaja kufa.

Masharti yenyewe ni machache. Kila mbwa wa kazini aandikwe kwa jina la mtu mmoja anayewajibika, na mtu huyo akihama, amkabidhi mwenzake kwa maandishi kama anavyokabidhi funguo. Kadi ya chanjo itundikwe kibandani pa mlinzi ambapo ofisa mifugo anaweza kuiona. Apate kivuli na maji, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na jua la Mtwara la Novemba linaweza kumuua aliyefungwa kwenye mnyororo uwanjani. Asifungwe mchana kutwa na usiku kucha, kwa sababu kifungo humtia ukorofi na mkorofi humng'ata mtu mwema. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayokataza ukatili na kumbebesha wajibu mwenye mnyama, kwa hiyo hakuna jipya tunaloomba.

Na kwa yeyote atakayeng'atwa, awe mpagazi au mnunuzi: osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kuona mbwa amekuwaje. Maneno hayo yangefaa kuandikwa kwenye kibao kilekile kinachosema "Mbwa Mkali".

Wanaotakiwa kuanza wanajulikana: vyama vya ushirika, kampuni za ulinzi, wenye maghala, wenye kambi za ufukweni, na halmashauri zetu kuanzia Mtwara Mikindani hadi Nanyumbu. Gharama ya chanjo ya mbwa mmoja ni ndogo sana ukilinganisha na sindano za mtu mmoja aliyeng'atwa, achilia mbali uhai wake. Mwaka huu, kabla gunia la kwanza halijaingia ghalani, kila mwenye ghala ajibu swali moja mbele ya ofisa mifugo: mbwa huyu ni wa nani? Akiweza kutaja jina, mengine yote yataelekezeka.